Usirudi na Kikwembe Tu



Kijana mmoja kutoka Kamituga alinivizia baada ya ibada, hapa kwetu Ibanda, wakati nilipokuwa napeana mikono na watu mlangoni. Ni mtoto wa kanisa, namjua tangu akiimba katika kwaya ya watoto. Ameshuka shimoni miaka minne. Mwaka huu shimo lao lilitoa kidogo, PDG akagawa, na yeye hakufanya kama wenzake wanaomaliza yote ndani ya wiki moja kwa bia na muziki. Akaniambia, "Pasta, weye umetembea sana. Nataka kuona miji ya inje mbele ya kuoa. Nianzie wapi?"

Nilifurahi kuulizwa. Kisha nikakumbuka swali lingine, la zamani, ambalo nilishindwa kulijibu. Ndilo linanifanya niwaandikie ninyi nyote na si yeye peke yake.

Ilikuwa mwaka 2013. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimetoka Nairobi kwenye mkutano wa siku tano. Yeye nilimletea viatu, mama yake nikamletea kikwembe. Tulipokuwa mezani akaniuliza, "Papa, Nairobi iko namna gani?" Nikasema, "Ni mji mkubwa." Akangoja. "Kuko nini?" Nikasema kuna magari mengi. Akangoja tena, halafu akaona hakuna kitu kingine kinachokuja, akaendelea kula.

Kweli ni hii: nilikuwa nimelala katika nyumba ya wageni ya misheni, nikala humo, nikakaa katika ukumbi wa humo, na siku ya mwisho tukapelekwa madukani kwa saa mbili. Mbele ya hapo nilikuwa nimefika Kigali na Kampala, na kote ilikuwa vilevile. Miji mitatu mikubwa ya Afrika, na mimi ningeweza kuwaelezeni rangi ya mapazia tu.

Usinicheke haraka, ndugu yangu. Muulize negosia wa dhahabu unayemjua, yule aliyefika Kampala mara kumi au hata Dubai. Muulize ameona nini. Atakutajia hoteli, mizani na duka la simu. Pesa yetu inatembea sana, ila macho yetu yanabaki nyumbani.

Basi, tangu siku ile nilijifunza swali moja, na swali hilo halijanidanganya mahali popote. Ukifika mji usioujua, kabla ya kuuliza duka, muulize mwenyeji: "Watoto wa shule wa hapa hupelekwa kuona nini?" Mwenye teksi atakupeleka kule anakopata kitu kidogo. Mwenye hoteli atakupeleka kwa shemeji yake. Lakini walimu hupeleka watoto mahali penye maana na pasipo na bei ya juu.

Anzia karibu. Sisi wa Bukavu tumebarikiwa kwa jambo moja: kutoka Ibanda unaweza kwenda nchi nyingine kwa miguu. Unateremka mpaka Ruzizi ya Kwanza, unavuka daraja, uko Rwanda. Mama zetu wanavuka kila siku na nyanya na vikapu, wakirudi jioni. Wengi wao hawajapita Kamembe. Najua pia kwamba nikitaja Rwanda wako wasomaji watakaokunja uso. Tuna makaburi ya vita pande zote mbili za mto huu, na mimi siandiki siasa. Ninaandika juu ya kuona, na jirani ni mtu wa kwanza wa kumwona vizuri, hata yule mnayegombana naye.

Basi la kwenda Kigali linapita katikati ya msitu wa Nyungwe. Omba kiti cha dirishani na usilale. Nyani wanakaa kandokando ya barabara kama wazee kwenye baraza. Ukifika Huye, mji ambao wazee wetu wanauita Butare hata leo, shuka. Kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1989, na ndani utaona vikapu, mikuki, vyungu, nyumba ya zamani iliyoezekwa kwa majani. Mama mmoja Mshi niliyekuwa naye alisimama mbele ya chungu kimoja akasema kwa sauti, "Lakini hiki ni chetu!" Watu wakageuka. Mimi nilifurahi, kwa sababu ndicho kilikuwa kimemleta.

Kigali, nenda Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari ya 1994. Ulifunguliwa mwaka 2004, na katika makaburi yake wamelazwa watu zaidi ya 250,000. Nenda asubuhi. Usipange duka wala soda ya mchana baada yake. Juu kuna chumba cha watoto, picha kubwa za watoto waliouawa, na chini ya picha wameandika vitu vidogo tu: chakula alichokipenda, mchezo wake, rafiki yake. Nilihubiri miaka mingi juu ya kifo, na katika chumba kile sikupata neno hata moja. Nilitoka nikakaa kwenye ukuta wa bustani mpaka wenzangu wakaja kunitafuta.

Mambo mawili ya Kigali ili usisumbuke. Mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu 2008, watakunyang'anya mpakani, kwa hiyo funga nguo zako katika kitambaa. Na usifike Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi: ni umuganda, kazi ya pamoja, mji unasimama, hupati gari mpaka karibu saa tano. Mimi nilisimama Nyabugogo na sanduku langu kama mti.

Sasa nije kwenye safari ninayotaka kuwaambia kwa kirefu.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa nasoma Uvira. Vita ilipofika Oktoba, tulikimbia kuelekea Fizi, mama yangu, mimi na wadogo zangu wawili, na usiku mmoja tukapanda mashua. Ziwa Tanganyika nililivuka bila kuliona. Lilikuwa giza na nilikuwa nimefunika uso kwa koti. Tulifika ufuo wa Kigoma alfajiri. Mama mmoja mwenye ushungi, muuza uji, akamjazia mama yangu bakuli la bati kwa ajili ya mdogo wangu wa mwisho aliyekuwa akitetemeka. Mama alipotaka kurudisha bakuli, akakataa. "Nenda nalo, dada." Baadaye tukapakiwa kwenye lori lenye turubai, na turubai lilipofunguliwa tukawa Nyarugusu, kambini.

Nilikaa pale miaka kumi. Nilimaliza shule pale, nikampata Bwana pale, nikaoa pale. Binti yangu alizaliwa pale mwaka 2001. Mkimbizi hakuruhusiwa kutembea mbali na kambi bila karatasi, kwa hiyo sikutembea. Mwaka 2006 turubai lingine likatufunika mpaka bandarini Kigoma, tukapanda meli, tukarudi Kongo. Hesabuni wenyewe: miaka kumi niliishi Tanzania, na Tanzania sikuiona. Nilikuwa najua mti mmoja mmoja wa Nyarugusu, lakini mji wa Kigoma niliupita mara mbili kama gunia.

Mwaka 2018 niliitwa kwenye mkutano Dar es Salaam. Waandalizi walitaka kunilipia ndege. Nikawaandikia: je, pesa hiyo inaweza kuwa ya mabasi na treni, ili nije na binti yangu? Walishangaa, wakakubali. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake alisema njia ni ndefu kwa msichana. Nilimjibu kwamba msichana huyu amezaliwa kule na hakujui. Akanyamaza, akaanza kukaanga sambaza za njiani.

Tulipita Uvira, tukavuka Bujumbura. Bujumbura nenda kwenye jiwe la Mugere, kilomita kama kumi na mbili kusini ya mji, juu kidogo ya ziwa. Ni jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Kijana aliyetuongoza alituapia kwamba hapa ndipo Stanley alimkuta Livingstone kwa mara ya kwanza. Si kweli, walikutana Ujiji, halafu wakapanda pamoja mpaka huku kwa mtumbwi. Lakini ziwa ukilitazama kutoka pale, unamsamehe. Jioni usitembee ufuoni Bujumbura, viboko hutoka majini na hawaulizi pasipoti.

Kutoka Bujumbura basi linashuka kandokando ya ziwa, kisha linapanda milima, unavuka mpaka, na jioni uko Kigoma.

Asubuhi ya kwanza nilimpeleka binti yangu ufuoni, Kibirizi, mashua zinapoegeshwa na dagaa zinapoanikwa. Wanawake wengi, moshi, kelele. Nilikuwa nimejiambia sitamtafuta yule mama. Ningemtafutaje? Sikumjua jina, na miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita. Hata hivyo nilijikuta naangalia uso wa kila mama mzee mwenye ushungi. Tukanunua uji, tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikamsimulia binti yangu habari ya bakuli. Alilijua lile bakuli. Lilikuwa lile alilooshewa miguu akiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia limetoka wapi.

Hapo pia alipata somo la Kiswahili. Alimsalimu muuza uji "Jambo, mama", kama tunavyosalimu Bukavu, na mama yule akamtazama bila kujibu. Nikamnong'oneza: "Shikamoo." Kijana, uandike neno hili mkononi kabla ya kuvuka! Kule ukimsalimu mtu mzima bila shikamoo umekuwa mtoto asiyelelewa. Na sombe wanaita kisamvu, bugali ni ugali, lengalenga ni mchicha, ndagala ni dagaa, feza ni hela. Watacheka Kiswahili chetu. Wacha wacheke, nawe cheka nao, utauziwa kwa bei nzuri zaidi.

Kigoma yenyewe, tazama stesheni ya reli. Wajerumani walifikisha reli hapa mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Tazama bandarini kama utaona Liemba, meli iliyoletwa vipandevipande kutoka Ujerumani, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili adui wasiichukue, ikainuliwa mwaka 1924 na kusafiri tena kuanzia 1927. Usipange kusafiri nayo kabla ya kuuliza, maana ilisimama kwa matengenezo marefu. Mwenye pesa zaidi aende kwa mashua mpaka hifadhi ya Gombe, alikoanza Jane Goodall kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Mama huyo amefariki Oktoba 2025. Mimi sikwenda, pesa haikutosha, na sitawaelezeni nisichokiona.

Lakini Ujiji nilikwenda, na Ujiji ndipo ningependa kila familia ya Maniema na Kivu ifike. Ni kilomita chache tu kutoka Kigoma, daladala inakufikisha. Kuna kiwanja chenye miembe, mnara wa mawe, na nyumba ya makumbusho yenye sanamu za Stanley na Livingstone wakivua kofia. Watalii hupiga picha hapo na kuondoka. Wewe usiondoke. Muulize mzee wa pale swali hili: Livingstone alikuwa akitoka wapi?

Alikuwa akitoka kwetu. Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, huko Maniema, siku ya soko. Watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya soko, mamia ya watu wakafa, wengi wao wanawake, wengine wakazama mtoni. Aliyaona kwa macho yake. Hakuweza kuendelea na watu wale, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa na mikono mitupu. Ndipo Stanley akamkuta. Mimi nilifundishwa habari za Livingstone shule ya Biblia, mitihani nikafanya, na sikuwahi kuunganisha mwembe wa Ujiji na soko la mama zetu Nyangwe.

Mzee aliyetupokea alipoona pasipoti zetu aliziweka mezani taratibu. Akasema, "Mnatoka Kongo? Bibi yangu mzaa baba ni Mmanyema." Kumbe Ujiji imejaa Wamanyema, na hata Dar es Salaam, Kariakoo, kuna msikiti unaoitwa wa Manyema. Wengine mababu zao walikuja kama wapagazi, wengine kama askari wa misafara, wengine wakiwa na kamba shingoni. Binti yangu akamuuliza, "Bibi yenu alikuja kwa njia gani, mzee?" Mzee akatazama miembe. "Hakupenda kuulizwa, mjukuu wangu." Akatuletea maji ya kunywa, akaanza kutuuliza habari za Kasongo, mji ambao hajawahi kuuona.

Tukapanda treni. Jitayarishe: wanakuambia siku mbili, sisi zilikaribia tatu. Chukua daraja la pili kama unaweza, na chumba kimoja si cha wanaume na wanawake pamoja isipokuwa mkilipia vitanda vyote, kwa hiyo binti yangu alilala na mama wawili wa Uvinza waliomlisha njia nzima. Tabora watu huja madirishani na asali, nunua. Njia hii ya reli karibu yote inafuata njia ya zamani ya misafara, Ujiji, Tabora, mpaka pwani. Usiku, treni ikitembea polepole, nilihesabu: wao walitembea miezi, na mizigo ya pembe kichwani. (Tangu 2024 kuna treni ya umeme kati ya Dar na Dodoma, ya haraka sana, lakini upande wetu bado ni ile ya zamani.)

Dar es Salaam sitakawia. Ni joto, ni msongamano, mkutano ulikuwa mzuri. Kaa siku moja, ona bahari, vuka kwa pantoni kwenda Kigamboni kwa sarafu chache, kula samaki Feri. Kisha toka uende Bagamoyo, kaskazini, chini ya kilomita themanini.

Bagamoyo ni mji uliochoka, milango ya kuchongwa inakatika bawaba, mitaa mingine kimya kabisa, na mimi niliupenda kuliko mji wowote. Nenda kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868. Najua, wengine mtasema, "Pasta anatutuma kwa Wakatoliki?" Ingia, hawatakubatiza tena. Mle kuna makumbusho mazuri, na karibu kuna mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo mwili wa Livingstone uliletwa Februari 1874. Akina Susi na Chuma, Waafrika, waliuzika moyo wake chini ya mti katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakaukausha mwili, wakaubeba mpaka baharini kwa miezi mingi. Wazungu waliupokea, ukaenda kuzikwa London, katika kanisa la Westminster, mwezi wa Aprili. Binti yangu akauliza nani aliwabeba Susi na Chuma walipokufa. Hilo nalo shule ya Biblia haikunifundisha.

Mwisho, Zanzibar. Meli kutoka Dar ni kama saa mbili. Ukichafukwa na tumbo, kaa nje nyuma. Mji Mkongwe utapotea, kila mtu hupotea, ndiyo raha yake. Uliza Mkunazini, kanisa kuu la Waanglikana. Limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Askofu Steere, aliyekuwa pia mtu mkubwa wa kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, alisimamia ujenzi. Ndani kuna msalaba ambao mti wake umetoka kwenye ule mti uliofukiwa moyo wa Livingstone. Jirani kuna vyumba viwili vya chini, dari fupi, giza, ambavyo waongozaji husema watumwa waliwekwa humo. Na nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu watano wa mawe, wamefungwa minyororo ya kweli shingoni.

Binti yangu alisimama pale muda mrefu. Akauliza, "Papa, hawa ni watu wa kwetu?" Nikamwambia, wengine ndiyo. Akauliza walioshika mnyororo walikuwa nani. Hapo, mpenzi msomaji, ingekuwa rahisi kusema Waarabu na kutoka. Tulikuwa tumepita asubuhi mbele ya nyumba ya Tippu Tip, yule ambaye wazee wa Kasongo wanamwita Tipo Tipo, bwana wa Maniema, aliyekufa hapo Zanzibar mwaka 1905. Lakini watu wake wenye bunduki, wengi walikuwa Wamanyema, vijana wa kwetu, waliotafuta nguo na baruti. Nikamwambia hivyo. Yule mwongozaji akanitazama akasema wageni wengi hawapendi sehemu hiyo.

Sasa mambo ya mfukoni, kwa yule kijana na kwa ninyi. Pasipoti itafute mapema. Kwa miaka mingi ilikuwa dola 185, baadaye ikashuka. Kwa Rwanda na Burundi, karatasi ya CEPGL ilikuwa inatosha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, maana mpakani inaulizwa kuliko Biblia. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo kwenye makumbusho uliza bei ya watu wa Afrika Mashariki kabla ya kulipa bei ya Mzungu. Dola zako ziwe nzima na za miaka ya karibuni. Usibadilishe pesa na mtu anayekukimbilia mpakani: mimi alinihesabia mbele ya macho yangu, na noti tatu za katikati zilikuwa zimekunjwa mara mbili. Na kijana wangu wa Kamituga, nisikilize vizuri: usivuke na hata gramu moja ya dhahabu mfukoni, hata kama rafiki amekuomba umpelekee tu. Utaona gereza badala ya bahari.

Tena, uliza habari za njia kabla hujatoka. Tangu Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, barabara na mipaka ya kwetu hufunguka na kufungika, na iliyo wazi leo kesho inaweza kuwa nyingine. Maelfu ya watu wetu walivukia Burundi siku zile. Nao hawakwenda kutembea.

Binti yangu alikuwa mmoja wao. Ameolewa sasa, ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi. Alivuka Ruzizi na mtoto mgongoni, akakaa uwanjani na wengine, halafu wakapakiwa kwenye lori kupelekwa kambini. Nilipata sauti yake kwenye simu baada ya siku tisa. Nilitegemea kilio. Alisema, "Papa, niliwaomba wafungue turubai. Wakafungua kidogo. Nikamwonyesha mtoto ziwa, nikawaambia wenzangu habari za jiwe la Mugere. Mama mmoja alisema mimi ni kichaa."

Mimi nilizima simu, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Kutoka hapo kwangu ziwa letu linaonekana vizuri.

Bado yuko kule. Tunaongea Jumapili, mtandao ukiruhusu, na tumeanza kupanga safari nyingine ya atakaporudi: Mombasa. Yeye anataka tuanze na Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanzwa 1593. Mimi nataka kwanza Nyali, kwenye kaburi la Rosine, mke wa Krapf, aliyefariki 1844, miezi michache baada ya kufika. Anasema mimi kila mji nakwenda makaburini. Namwambia ngome nayo imejaa wafu. Hatujaelewana.